Dakika Ishirini za Gundi

Hakuna mtu mjini Busia, upande huu wa mpaka wala ule, aliyelichosha neno kesho kama Patroba. Alikuwa fundi wa kuvalisha magari. Kazi yake ilikuwa kufunga sketi za pembeni, vile vipande virefu vya plastiki vinavyokaa chini ya milango ili gari lionekane limeinama na mwenyewe aonekane ana pesa. Alifunga pia midomo ya bampa, mikanda ya milangoni na mabawa ya nyuma. Mikono yake haikuwa na kasoro, na hata wenye wivu walikiri hivyo. Kasoro ilikuwa mdomoni. Ukimpelekea gari Jumatatu, kesho. Ukirudi Jumanne, kesho. Ukija Ijumaa umekunja mikono ya shati, atakukaribisha chai, akupangushie benchi, halafu akwambie kesho kwa sauti ya upole hata ukajiona wewe ndiye mkorofi.

Wateja walivumilia. Mkewe Juliet naye alivumilia, miaka mitatu mizima. Alichotaka ni kitu kimoja tu: Patroba aende Kwapa, kwao Juliet, kule Tororo, akakae na wazee wa mkewe kama mkwe anayejitambua, si kama mtu aliyeokota binti wa watu njiani. Patroba alikwenda mara moja tu, mwanzo kabisa, akanywa soda moja na kukimbilia gari la mwisho. Tangu siku hiyo ikawa kesho. Basi mwezi wa Krismasi Juliet alifunga begi, akasimama mlangoni, akasema, "Ukiipata hiyo kesho yako, kwetu unakujua." Akaita boda, akavuka mpaka, huyo akaenda zake. Hata ndala zake alizisahau pale mlangoni.

Miezi minne ilipita. Patroba alikonda hata ovaroli ikawa inamvaa yeye. Mwishowe baba yake mdogo, Obore, aliingilia kati. Akapiga simu Kwapa, akazungumza na baba mkwe, mzee Okurut, na wakakubaliana Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee Okurut hakuwa na tatizo. "Lakini mnajua," alisema kwenye simu akipunguza sauti, "hapa kuna serikali mbili, na mimi ni ile ndogo." Mama akikubali, Juliet atarudi. Mama akikataa, Patroba akaoe spana zake.

Na huyo mama Patroba alikuwa akimwogopa kweli kweli. Hakuwahi kumwona uso. Kwa desturi ya watu wa Kwapa, na kwao Patroba vilevile, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mikono. Ile siku moja aliyokwenda, mama alipita uani, na Patroba akainamisha kichwa kama inavyotakiwa, akaona miguu tu. Miguu mipana, ya mtu aliyelima. Kidole gumba cha kulia kimepinda kuwaegemea ndugu zake, na ukucha wake umegawanyika katikati kama punje ya kahawa. Hayo ndiyo yote aliyomjua mama mkwe wake. Mengine alisimuliwa, kwa mfano kwamba aliwahi kumfukuza mwizi wa mbuzi, mchi mkononi, mpaka barabara ya lami.

Sasa sikiliza. Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, siku mbili kabla ya safari, iliingia gereji Toyota Wish nyeupe yenye namba za Uganda. Mwenye gari alikuwa amepiga simu asubuhi akajiita Mama Vitunguu wa Tororo. Akashuka mwanamke mnene aliyevaa vazi la gomesi la kijani, kitambaa kichwani, na machoni miwani myeusi mikubwa, weusi wake kama wa ndani ya chungu usiku. Akalisalimia pipa la maji.

"Habari yako, fundi?"

"Niko huku, mama," alisema Patroba.

"Ah, pole. Macho yangu inauma. Vumbi ya njia." Akageuza uso kuelekea sauti, lakini si sawasawa; alikuwa anautazama mlango wa choo. "Sketi iko nyuma kwa buti. Nataka leo. Kama utaniambia kesho, niambie saa hii nipeleke kwa mtu ingine. Jumamosi nina wageni, na sitaki wakute gari yangu imesimama kwa boma kama mzee amevaa kaptula."

Ulimi wa Patroba ulikuwa umeshaishika ile *k* ya kwanza. Lakini Jumamosi yake mwenyewe ilikuwa inamngoja, na wiki hiyohiyo alikuwa amemwapia Obore kwamba amebadilika. Akaumeza ulimi. "Saa kumi kamili, mama, utaondoka na gari lako."

"Tutaona," alisema mama.

Kuna siku shetani huamka mapema kuliko fundi. Kevo, mwenzake wa kazi, alikuwa amevuka mpaka kwenda soko la Sofia kununua vibanio tangu asubuhi, na hajarudi. Patroba akaosha pembeni mwa gari, akapiga msasa, akafuta kwa spiriti, akajaribisha sketi na kuona zimekaa vizuri kabisa. Akachukua drili atoboe matundu ya skrubu. Stima zikapotea mji mzima.

Ikabaki gundi. Patroba alikuwa nayo moja, ya kopo jeusi, gundi isiyo na huruma. Hiyo ukishaipaka unabandika sketi, halafu watu wawili wanaishika, mmoja mbele na mmoja nyuma, dakika ishirini bila kuachia. Ukiachia kabla, sketi inateleza, inashika ikiwa imepinda, na kuing'oa ni kuing'oa pamoja na rangi ya gari. Lakini mtu wa pili ndiye huyo Kevo aliyepotelea Sofia.

"Mimi sina mikono?" alisema mama alipoelezwa. Akajifunga leso juu ya gomesi, akavuta kigoda, akaketi karibu na gurudumu la nyuma upande wa kushoto, akaukandamiza mwisho wa sketi kwa viganja vyote viwili. Patroba akajilaza chali, nusu mwili chini ya gari kwenye gurudumu la mbele, akaishika sketi kwa chini. Akaangalia saa. Dakika ishirini. Ni nini dakika ishirini?

Ya kwanza na ya pili zilipita. Ya tatu mama akauliza, "Fundi, una bibi?"

"Ninaye, mama. Yuko kwao kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Miezi minne."

"Hiyo si kidogo, hiyo ni mimba imeshaanza kuonekana." Akaguna. "Hata mimi nina binti, amerudi nyumbani. Aliolewa huku huku Busia, na fundi wa magari kama wewe. Lakini hiyo ni fundi? Hiyo ni saa haina mikono. Inalia tik tik tik, haionyeshi kitu. Tunamngoja, kesho. Tunachinja kuku, kesho. Hiyo kuku tumekula wenyewe mara tatu!"

Patroba akacheka. Alicheka kweli, tena kwa dharau kidogo, kwa vile ni raha kusikia kwamba duniani kuna mwanaume mwingine mjinga kukuzidi. "Wanaume wengine, mama!" akasema akitikisa kichwa. "Sijui walilelewa na nani."

"Hata mimi nauliza," alisema mama, akaunyoosha mguu uliokufa ganzi.

Mguu ukaingia chini ya gari. Ulikuwa umevaa kandambili. Patroba akageuza shingo, akatazamana na kidole gumba kilichopinda kuwaegemea ndugu zake, chenye ukucha uliogawanyika katikati kama punje ya kahawa.

Akainuka. Chini ya gari hakuna pa kuinukia, kwa hiyo paji la uso likakutana na chuma, likalia *ngo!* mpaka mama akashtuka.

"Nini hiyo?"

"Gari, mama."

"Gari yangu inalia hivyo?"

"Inazoea sketi."

Jamani, mwonee huruma. Mtu huyu alikuwa amelala miguuni pa mama mkwe wake, wameshika kitu kimoja, wanapiga soga, na amekwisha kuuliza mkwe wa mama huyo, yaani yeye mwenyewe, alilelewa na nani. Alitaka kukimbia. Aliona njia kabisa, atatoka kwa upande wa pili, ataruka ukuta wa kinyozi wa jirani, atokee stendi. Lakini mikononi kulikuwa na gundi na saa ilionyesha dakika ya nane. Akiachia, sketi imepinda, gari limeharibika, na Jumamosi mama atakuwa na hasira mbili badala ya moja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akafumba macho kwa nguvu ili asione hata hiyo miguu, akashika.

"Fundi," alisema mama, "nyinyi mafundi mnajuana. Huyo mtu anakuja kwangu Jumamosi na wazee yake. Mimi nimeamua. Atakunywa chai, atapewa karanga, na atarudi mikono mitupu. Unaonaje?"

"Mimi, mama?" alisema Patroba.

"Kuna fundi ingine hapa chini ya gari?"

Akatafuta la kusema, akakosa la uongo, basi akasema la kweli. "Huenda si dharau, mama. Huenda mtu mwenyewe anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Wakwe."

"Wakwe inauma?"

"Nasikia kuna mmoja alimfukuza mwizi na mchi mpaka kwenye lami."

Alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, alitamani gari limwangukie.

"Pengine," alisema mama polepole, "huyo mwizi alikuwa na mbuzi ya mtu."

"Bila shaka, mama! Alistahili. Mchi ulikuwa huruma."

"Endelea. Anaogopa."

"Anaogopa kufika akaonekana hana kitu. Basi anasema kesho, akidhani kesho atakuwa mtu mzuri kidogo kuliko leo. Na kesho ikifika anajikuta ni yuleyule." Kwa kuwa alikuwa amefumba macho, haikumwia vigumu kuendelea. "Halafu mke anaondoka, na nyumba inakuwa kubwa. Ndala zake ziko mlangoni. Akifagia anaziondoa, akimaliza anazirudisha palepale, zikitazama ndani. Mtu wa namna hiyo hana dharau, mama. Ni mjinga tu. Anampenda mkewe vibaya sana, na ni mjinga."

Mama alivuta kamasi mara moja, akasema ni vumbi.

Dakika ishirini zikaisha, wakaachia. Sketi ya kushoto ilikuwa imeshika barabara, imenyooka kama mstari wa daftari. Patroba akatoka chini ya gari kinyumenyume, kichwa chini, akajifanya anatafuta kitambaa, halafu kopo, halafu tena kitambaa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Stima bado. Upande wa kulia ulikuwa mtupu.

Na hapo ndipo lile neno lilipomjia, tamu kama asali. Angesema tu, mama, upande wa kulia tusubiri stima, kesho. Mama angeondoka, yeye angepona. Hakuna mtu angemlaumu, maana stima kweli zilikuwa zimepotea.

"Mama, huu upande wa kulia..." alianza.

"Sema," alisema mama. Alikuwa amesimama, amemgeuzia mgongo, anatazama ukuta. Alisimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Patroba akazitazama ndala zake mwenyewe. "Huu wa kulia tuuanze sasa hivi," alisema, "ili saa kumi isitupite."

Mama akakibeba kigoda chake, akazunguka.

Dakika ishirini za pili walizimaliza mama akiimba wimbo wa kanisa kwa Kiteso chinichini, Patroba akiwa amefumba macho chini ya gari, akimwomba Mungu wa pande zote mbili za mpaka. Zilikuwa zimebaki dakika mbili wakati Kevo alipoingia langoni akipiga kelele kama muuza magazeti.

"Patroba! Patroba buda! Vibanio vimeisha Sofia nzima, nimezunguka mpaka miguu imeniambia kwaheri! Patroba, uko wapi?"

Patroba akafa. Alikufa palepale chini ya gari, akangoja kuzikwa. Lakini mama hakushtuka. Alirekebisha kitambaa chake kwa bega, akaendelea na ubeti wa tatu. Labda hakulisikia jina, alijiambia Patroba. Labda vumbi lilikuwa limeingia na masikioni.

Saa kumi kasoro dakika tano gari lilikuwa tayari, limevaa kushoto na kulia, limependeza kama bibi harusi wa kanisa kubwa. Mama alilizunguka akilipapasa kwa mkono. Akalipa. Kisha akafanya jambo ambalo Patroba hakulitarajia. Akanyoosha mkono.

"Asante, fundi. Nipe mkono."

Patroba akauficha wake nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. "Una gundi, mama."

"Basi nipe hapo juu." Kila mtu Busia anajua kwamba fundi mwenye mikono michafu hukupa kifundo cha mkono, ukakishika, salamu ikapita, hakuna aliyechafuka. Kumnyima mtu mzima hata hicho ni ufidhuli ambao watu wanaweza kukutangazia. Kevo mwenyewe alikwishaingia ndani kulala. Hapakuwa na mtu pale wa kuona, na mama mwenyewe, kwa alivyojua Patroba, alikuwa hajui lolote. Kushika ingekuwa rahisi, na salama, na adabu.

Patroba akainama ghafla, akaanza kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote. "Samahani sana, mama," akaliambia gurudumu. "Mkono siwezi. Nisamehe."

Mkono ulibaki hewani kidogo. Halafu ukarudi. "Haya," alisema mama. Mlango wa gari ukafungwa. Wish ilipokuwa inatoka langoni, Patroba aliona kwa nyuma mama akiivua ile miwani na kuitupa kwenye kiti cha pembeni, akaendesha bila shida yoyote. Akashangaa jinsi macho ya watu wa Tororo yanavyopona upesi.

Jumamosi walifika Kwapa saa nne kasoro robo, Patroba na Obore, na blanketi, na sukari, na kilo mbili za majani ya chai. Njiani Patroba alimwaga yote kwa baba yake mdogo. "Umeshika kipande kimoja na mama mkwe wako," alisema Obore mwishoni. "Mmepiga hadithi. Mimi nina miaka sitini na nane, sijasikia kitu kama hicho. Hapo kuna faini ya mbuzi, Patroba. Pengine wawili. Nitasema mwenyewe mbele ya wazee, maana wakisikia kwa mtu mwingine, tumekwisha." Wish nyeupe ilikuwa imesimama katikati ya boma, imevaa, imeoshwa, kila mgeni aione.

Waliketishwa sebuleni kwa mzee Okurut. Mama, kama desturi inavyotaka, alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, na maneno yake yaliletwa na shangazi yake Juliet, Patience, mwanamke mwenye kuipenda kazi hiyo kuliko chakula. Salamu zikapita, chai ikanywewa. Karanga zilipoletwa, Patroba alizitazama bila kuzigusa, maana alijua baada ya karanga ni nini.

Obore akakohoa. "Kabla ya yote, kuna jambo. Alhamisi, bila kukusudia, kijana wetu alivunja heshima. Yeye na mama walishika... ilikuwa ni mambo ya gundi."

Patience akatoweka nyuma ya pazia. Kukasikika mnong'ono, halafu kicheko kilichozibwa kwa leso. Akarudi amekaza uso kwa nguvu zake zote.

"Mama anasema mkwe wake hajamwona hata siku moja. Alhamisi alikwenda Busia kufunga gari. Alivaa miwani, akaona giza tu, na giza haina uso. Anasema aliambiwa na Juliet gereji iko wapi, na kwamba kama mtu anataka kujua ng'ombe, haulizi mwenye ng'ombe, anakwenda zizini mwenyewe. Anasema kati yake na huyo fundi kulikuwa na sketi, futi sita, na hakuna mtu aliguswa. Mbuzi ya nini?"

Patroba alihisi masikio yakiwaka moto. Alijua! Tangu pipa la maji, mama alijua! Akarudia kichwani kila neno alilosema chini ya lile gari, wakwe, mchi, ndala, na akatamani kurudi chini yake.

"Anasema pia," aliendelea Patience, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia, "alikwenda na moyo umefungwa. Yule fundi alimwambia saa kumi, na kabla ya saa kumi kazi ikaisha. Lakini hiyo ni kazi tu. Mwisho alimpa mkono, amjaribu. Fundi akakataa. Akampa nafasi ya kushika hapa juu, akakataa. Hakukuwa na mzee, hakukuwa na jirani, hakuna mtu wa kumwona, na angeonekana hana adabu, lakini akakataa. Mama anasema uso umeumbwa na haya, na ule mkono pia. Anasema mpeni mkwe wake karanga ale, ameshakonda. Juliet atarudi."

Obore aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu mpakani. Mzee Okurut akapiga makofi mara moja, akafurahi kwamba serikali zimekubaliana. "Vizuri sana! Basi leo tule, tupumzike. Juliet ataondoka kesho, baada ya ibada."

"Leo!"

Ilikuwa sauti ya Patroba. Mkwe hasemi katika kikao kama hicho; husemewa. Obore alimkanyaga mguu. Patience akaziba mdomo. Patroba akatazama sakafu, macho yamejaa maji, akarudia kwa sauti ya chini lakini isiyotetemeka, "Leo, baba. Nawaomba. Kesho nimeimaliza."

Pazia likatikisika. Na kwa mara ya kwanza siku ile, bila kupitia kwa mtu yeyote, sauti ya mama ikatoka yenyewe chumba cha pili.

"Juliet! Umesikia. Ndala zako ziko mlangoni zinakungoja. Toka."

Juliet akatoka, akijifuta macho na kucheka kwa wakati mmoja, mkononi ameshika begi. Lilikuwa limefungwa tangu Alhamisi jioni.